Mume wa Herufi H

Alipofika sentensi ya nne, Mwalimu Nathaniel aliiinua karatasi akainusa, kana kwamba ilikuwa imefungiwa dagaa waliooza.

"Imeibwa," alisema.

Aikande, ofisa wa shirika lililohudumia wakimbizi kutoka Kongo, alitazama saa. Ilikuwa Novemba 1998, na zahanati ya kambini ilihitaji mkalimani mmoja. Waombaji kumi na mmoja walikuwa wameandika insha ya Kiingereza juu ya namna walivyofika Kigoma. Mwalimu huyo mstaafu wa Kasingirima alikuwa ameombwa azisahihishe. Neno lake lingekuwa la mwisho, na majibu yalitakiwa kabla ya saa kumi.

"Imeibwa wapi, Mzee?"

Mwalimu aliisoma karatasi mpaka mwisho, kisha akafungua kamusi yake, ileile aliyoinunua mwaka aliohitimu ualimu na ambayo aliisoma kila asubuhi tangu hapo. Aliamini kwamba Kiingereza hakikai katika neno moja moja, bali katika maneno yaliyozoeana. Sisi twasema mvua kubwa. Waingereza husema mvua nzito. Sisi twafanya kosa, wao huliunda. Ndiyo maana kamusi huweka sentensi za mfano chini ya neno, mwanafunzi aone neno hilo hutembea na nani, kisha atunge yake. Atunge yake!

"Hii hapa. 'Mvua nzito ilinyesha usiku kucha.' Tazama neno mvua, mfano wa pili. 'Mashua ilikuwa imejaa kupita kiasi.' Tazama mashua. 'Walivunja mlango.' 'Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache.' Ziko ishirini na tatu, Aikande. Hata moja hakuitunga."

"Basi mpe sifuri tumalize."

"Sifuri ataipokea akiwa amesimama mbele yangu. Mwite."

Kutoka barazani, walikongoja waombaji, aliingia mwanamke wa makamo aitwaye Leonia. Huko kwao, mji wa Baraka ng'ambo ya ziwa, alikuwa akifundisha Kifaransa. Alishuka mashuani Kibirizi, Kigoma, mwishoni mwa mwaka 1996, na Kiingereza alikianzia kambini, katika darasa la watu arobaini waliosoma kwa zamu kamusi moja kuukuu, ya toleo lilelile la Mwalimu, iliyotolewa na shule moja ya Ujiji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huyu mume wa maneno machache ni nani?"

"Ni mume wangu."

"Si mume wako. Ni mume wa herufi H! Namfahamu tangu wewe hujazaliwa."

Aikande alikohoa ili kuficha kicheko. Leonia naye alitabasamu kidogo.

"Darasani tulikatazwa kutunga, Mwalimu. Tuliambiwa mgeni akitunga huyaoza maneno yasiyojuana. Chukueni yale yaliyokwisha kuoana."

"Mchukue ya kujifunzia, si ya kuniletea mimi!" Mwalimu aligonga karatasi kwa kalamu nyekundu, kisha akamwambia kwa Kiingereza, taratibu, kila neno mahali pake, kwamba huo ulikuwa udanganyifu uliokithiri.

Leonia aliinamisha kichwa, akifikiri.

"Hiyo nayo imo, Mwalimu. Ukurasa wa mia mbili na kumi, chini, kushoto."

Safari hii Aikande alicheka waziwazi. Mwalimu hakucheka. Masikio yalimwaka moto. Aliandika sifuri, akaizungushia duara mara mbili, akatia saini. Chini ya saini aliongeza kwamba mwombaji huyu asifikiriwe tena kwa kazi yoyote ya lugha.

Kicheko cha Aikande kilikatika.

"Mzee, hiyo ya mwisho haikuwa lazima. Hana kingine cha kula zaidi ya posho ya mahindi."

"Imekwisha kuandikwa."

Aikande alizikusanya karatasi zote, akatoka bila kuaga. Baada ya muda mfupi gari la shirika liliwaka, likaondoka nazo.

Leonia alibaki amesimama. Mwalimu alijimiminia maji ya birika vidoleni, akavisugua kimoja kimoja, akavikausha kwa leso. Kinyaa hakikumtoka.

"Wizi peke yake ningeweza kuusahau," alisema. "Kinachonichefua ni uchaguzi wako. Kamusi ile ina harusi. Ina mashindano ya farasi, ina keki, ina bibi anayependa maua, ina watoto wanaojenga majumba ya mchanga. Wewe umepita humo kama inzi, ukatua penye vidonda tu. Mlango uliovunjwa. Nyumba iliyoteketezwa. Mume asiyeonekana tena. Mashua iliyojaa. Ulitaka Wazungu wa shirika wakulilie?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi ulikuwa ukichagua kwa kipimo gani?"

Leonia alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua.

"Nilichukua zilizonitokea," alisema. "Nilizitafuta kutoka A mpaka Z, miaka miwili. Ila ya mtoto kuteleza mgongoni mwa mama yake na kuzama ziwani, hawakuiandika."