Ndege Isiyo na Betri

"Hiyo ikivuka ukuta, wifi, huifuati," alisema Mwanahawa. "Eda yako imebaki siku tatu."

Rukia aliinua ndege ya mfano kwa mikono miwili. Kiunzi cha ndege hiyo ndogo alikichonga marehemu mumewe. Paneli za sola mgongoni mwa mabawa ameziunganisha Rukia mwenyewe, humu humu ndani, kwa miezi minne. Betri hakuweka. Marehemu alikuwa akisema, iruke kwa jua au isiruke kabisa.

Aliielekeza juani. Rafadha puani ikazunguka, ikavuma. Akaiachia.

Ndege ilizunguka ua mara mbili, ikapanda juu ya mabati, ikavuka ukuta. Papo hapo kivuli cha wingu kikatambaa juu ya mapaa, na mvumo ukakatika.

Rukia alijikuta ameshika komeo la lango. Amekwisha kulifungua.

"Wifi!" Mwanahawa alimdaka mkono.

"Ni ya kaka yako."

Mwanahawa akamwachia. Akampita, akatoka mbio peku, lango akaliacha wazi.

Rukia alibaki kwenye kizingiti. Jua likaanza kurudi ukutani, tofali kwa tofali, na huko nje, mahali asipopaona, kitu kikavuma.