Kadre Bila Misumari

Niliinua nyundo nifunge mgongo wa kadre ya picha. Christella, mteja wangu anayekusanya michoro ya katuni, akanishika mkono.

"Hapana, papa. Usitie misumari."

Chini ya kioo, jitu lenye mabawa lilibeba ng'ombe juu ya mawingu. Mchoro haukuwa kopi: chini ya wino, penseli ya mchoraji ilionekana bado.

"Kazi yangu haifunguki ovyo," nilisema kwa ukali.

"Nataka ifunguke na mikono tu. Kule kwetu Fataki niliacha michoro yote ku ukuta. Misumari ya kadre ilikatala kutoka, na siye tulikuwa tunakimbia vita."

"Lakini hapa Bunia iko kimya, mama."

"Fataki pia ilikuwa kimya."

Niliifunga kwa kamba. Alipoondoka, nilichukua koleo, nikaanza kung'oa misumari ya picha ya harusi yangu.