Pumzi ya Dua

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa Julai, asubuhi ya manyunyu na kibaridi. Makame alipoamka aliona vidole vya mkono wake wa kushoto vinakunjika tena, akamshukuru Mungu kabla hata hajaketi. Maumivu yaliyomliza tangu juzi yalikuwa yamepungua.

Mkewe, Zulfa, alikuwa pembeni ya kitanda, na jirani yao Khatibu amesimama mlangoni. Kasha la kioo ambamo Makame alimfuga buibui mkubwa mwenye sumu kali, ndiye aliyemuuma, lilikuwa limefunikwa kanga.

"Nilitaka kummwagia maji ya moto," Zulfa alisema. "Khatibu kanizuia."

"Ahsante, ndugu yangu."

"Usinishukuru, mimi namwogopa hata kumuua," Khatibu alisema. "Lakini wewe umemzoea. Juzi ulimfanya nini?"

"Nilimsomea dua, kisha nikampulizia."

"Ukampulizia?" Zulfa aliuliza. "Si wewe uliyetukataza kumpumulia, eti pumzi anaidhani adui?"

Makame akacheka mpaka mkono ukamuuma. "Nilidhani pumzi ya dua haihesabiwi."

Zulfa hakucheka. Aliivuta ile kanga. "Ahidi mbele ya Khatibu, au buibui huyu atoke leo."

Buibui alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya kioo. Kumpakata kiganjani ndiyo iliyokuwa raha ya Makame. Aliutazama ule mguu, kisha akainua mkono wake uliovimba.

"Namshukuru aliyenirudishia mkono huu, nanyi muwe mashahidi. Buibui nitamlisha kwa koleo, na dua nitamwombea kasha likiwa limefungwa. Simshiki tena."