Kikopo cha Tatu

Vikopo viwili vya kinyesi cha mtoto mwenye saratani ya damu havikuonyesha kitu. "Utaioa hiyo darubini!" wenzake walimtania mpimaji wakienda kula.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," aliwajibu, akaendelea na kikopo cha tatu.

Mtoto wa mnyoo, mwembamba kuliko uzi, akajipinda chini ya kioo. Mpimaji aligeuka kumwita mtu, viti vitupu. Akapiga simu wodini.

"Dada, dawa ya saratani isianze leo! Ana minyoo, dawa ikishusha kinga watatapakaa mwili mzima."

"Afadhali umewaona. Niko naye hapa, anasikiliza, maskini. Wiki ya tatu sasa ametengwa chumbani peke yake." Nesi akainama kumsikiliza mtoto. "Anauliza, huyo mnyoo yuko peke yake?"

Mpimaji alirudisha jicho kwenye darubini, akaanza kutafuta mwingine.