Kibomba cha Ndani

"Sekunde arobaini," muuguzi alisema, akasimamisha saa. "Mama, huyu ameshafariki."

Huyu alikuwa mwanasesere wa mpira mwenye tundu kooni. Kibomba cha kupumulia kilikuwa kimemponyoka mama, kikabingirika hadi uvunguni. Machozi yalimlengalenga. Hii ilikuwa mara ya tano.

Kitandani, binti yake wa miaka tisa alikaa akitazama. Tangu apasuliwe koo alipumua kwa tundu la kweli, na sauti hakuwa nayo tena. Miezi minne wodini. Asubuhi hiyo daktari alikuwa amekata shauri: bila mtu wa nyumbani anayejua kubadilisha kibomba cha ndani kikiziba, mtoto haondoki.

"Hatua ya kwanza, nawa mikono," baba alianza, kijitabu mkononi. Alikuwa amekihifadhi chote kichwani, mpaka jina la mpiga chapa. Lakini alipopewa mwanasesere, alikisukuma kibomba kichwa chini miguu juu.

"Kuogelea hakufundishwi ubaoni," bibi alisema kutoka kwenye kiti chake. Yeye hakusoma wala hakugusa. Aliangalia tu, midomo ikimcheza kama anayehesabu.

Mama naye alikuwa na njia yake. Maandishi hayakumwingia, basi akayageuza wimbo: zungusha, vuta, chukua safi, sukuma, funga. Aliuimba akifua, akauimba akimsuka binti nywele. Wimbo ulimkaa. Mikono ndiyo iliyomsaliti.

"Pumzikeni kidogo," muuguzi alisema. "Saa nane tunajaribu mara ya mwisho. Mkishindwa, ni mwezi mwingine." Akatoka.

Hapo ndipo waliposikia mluzi. Mwembamba, kama birika linalotaka kuchemka. Halafu ukakatika.

Binti alikuwa amekodoa macho. Midomo yake ikaanza kuwa ya kijivu.

"Sista! Sista jamani!" Bibi aliangusha kiti, akatoka mbio kwa magoti ambayo kwa miaka hayakuwa yamekimbia popote.

"Hatua ya kwanza, nawa mikono," baba alisema, akipekua kurasa. "Hatua ya kwanza, nawa... hatua ya kwanza..."

Mama alirarua pakiti ya kibomba safi. Kibomba kikamponyoka, kikadondoka shukani. Akafumba macho, akaimba, maana hakuwa na kingine.

"Zungusha. Vuta. Baba yangu we! Chukua safi. Sukuma. Funga!"

Tik.

Kisha pumzi. Moja ndefu, halafu nyingine.

Muuguzi aliingia mbio, bibi nyuma yake akihema. Aliinama, akakagua koo. Kibomba kilichoziba kilikuwa shukani. Kilicho safi kilikaa mahali pake sawasawa.

"Hongera, Mama. Nilijua utaweza."

Mama alifumbua macho, akatazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania chuma cha kitanda. Akamgeukia mumewe, naye akainua uso kutoka kwenye kijitabu, akatikisa kichwa kukataa.

Binti alikuwa na kidole shingoni mwake mwenyewe, akihakikisha kwamba kibomba kimekaza.