Neno Halikuonekana

Wewe msomaji, mwaka ule wa vita uligeuza uso usituone. Usikatae.

Immaculée, dactylo, mpiga chapa wa zamani wa parokia, alikaa mbele ya kompyuta pekee ya mji wa Baraka yenye intaneti. Souris, kipanya chake, ilikufa zamani, na picha zilizimwa ili kurasa zifike upesi. Alitembea humo kwa vitufe tu, bila kuvitazama, kama alivyokuwa akipiga chapa mialiko ya harusi za Lubondja, vidole vikinuka wino hadi jioni.

“Mama Dactylo, essence iko naisha,” alisema Roger, mwenye jenereta, akichungulia petroli iliyobaki.

Immaculée alifungua habari za dunia, akabonyeza kitufe cha kutafuta, akaandika Lubondja, kijiji chake kilichochomwa juzi.

Neno halikuonekana.

Akaandika tena, herufi moja moja, asije akawa amekosea. Halikuonekana.

Jenereta ikakohoa. Akafungua ukurasa mtupu wa kuwaandikia wale wa habari.

“Roger, toa essence ya moto yako, mwaga humu kwa jenereta.”

“Na mi nitarudia nini nyumbani?”

“Miguu.”

Roger akainamisha pikipiki, petroli ikamiminika kwenye jenereta.

Wewe leo una umeme. Tafuta jina hilo, Lubondja. Likikosekana, liandike, sasa hivi.