Begi la Bethwel

Bethwel aliingia stoo kuchukua begi lake la jeshi, simu ikiwa bado sikioni. Ajenti wa Nairobi alikuwa akimweleza kwamba mtu aliyetumikia jeshi la Kenya, kisha la Uingereza, anatafutwa sana Iraki kulinda visima vya mafuta.

"Kazi ni yako, afande. Sema tu ndiyo."

Begi lilikuwa wazi. Ndani, juu ya bereti zake mbili, ya huku na ya kule, kuku mwekundu alikuwa ameatamia. Alivimbisha manyoya, akakataa kusogea.

Bethwel alipenyeza mkono taratibu chini ya tumbo la kuku. Palikuwa na joto. Yai moja lilikuwa na ufa, na ndani yake kitu kilikuwa kikigonga.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kikapu cha majani ya chai mgongoni.

"Ni mimi nilimweka hapo, Baba Cherono," alisema polepole. "Nilijua tu watakupigia."

"Afande, uko?" ajenti aliuliza.

Yai liligonga tena kiganjani mwake.

"Pole, boss," Bethwel alisema. "Begi iko na watu."